Mkono unapita wapi, injinia?

Simu iliingia saa nne asubuhi, mimi niko kwenye kiti changu cha kuzunguka, skrini mbili mbele yangu, modeli ya jengo inazunguka vizuri na kila boriti imewaka kijani, yaani programu imeridhika na mimi nimeridhika. Aliyepiga ni fundi mkuu wa nondo kule saiti, mtu mzima ambaye kila mtu anamwita Mzee tu, hata foromeni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Injinia, mchoro wako tumeuona. Sasa nikuulize kitu kimoja. Mkono unapita wapi?"

Nikanyamaza. Mkono gani tena? Nikadhani labda mtandao unakatakata. Akarudia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: mkono, mkono wa mtu, wa kufunga waya, pale boriti inapoingia kwenye nguzo, unapita wapi. Halafu akakata, akanitumia picha.

Nilikuwa na miaka sita kazini wakati huo na yote nimeimalizia ofisini. Saiti nilikuwa naenda, sikatai, lakini naenda kama wanavyoenda mainjinia wa ofisini, saa moja, buti safi, helmeti bado ina stika ya dukani, unazunguka, unapiga picha, unaandika ripoti. Na saiti wakisikia injinia anakuja kila mtu anakuwa mtakatifu. Unachokiona siku hiyo ni saiti iliyojipanga kuonwa na wewe.

Sasa ile picha. Nguzo ilikuwa milimita 300 kwa 300 na boriti nayo nimeipa upana wa 300, manake inapendeza, ukuta unakaa bapa, mchora ramani anafurahi. Chini ya boriti nimeweka nondo tano za milimita 20 safu moja. Na hesabu nilipiga kama tulivyofundishwa: 300 toa kava ya 30 (zege linalofunika chuma) na ringi ya 8 (chuma chembamba kinachozunguka nondo) kila upande inabaki 224, toa nondo tano ambazo ni 100 inabaki 124, gawa kwa nafasi nne unapata milimita 31 kati ya nondo na nondo. Kokoto kubwa kabisa ni ya 20. Inapita. Saini, muhuri, tuma.

Kumbe hiyo 31 ipo katikati ya boriti tu. Ukifika mwisho boriti inaingia kwenye nguzo, na nguzo ina nondo zake nane zimesimama, na kwa kuwa upana ni uleule basi nondo ya pembeni ya boriti inataka kupita palepale iliposimama nondo ya kona ya nguzo. Nguzo ina kava ya 40 na ringi ya 8, kwa hiyo nondo yake ya kona imekaa kuanzia 48 mpaka 68 kutoka ukingoni. Ya boriti inataka kukaa 38 mpaka 58. Kwenye karatasi mistari inapita juu ya mwenzake bila ugomvi wowote, chuma sasa hakipiti ndani ya chuma. Walichofanya vijana wa Mzee ni kuzisukuma zote tano ndani, katikati ya zile nondo mbili za kona, ambapo kuna milimita 164 tu, na katikati ya hiyo 164 imesimama nondo nyingine ya nguzo. Piga hesabu mwenyewe. Nondo sita za 20 ni 120, zinabaki 44 za kugawana nafasi saba, sita na ushee kila moja. Kokoto ya 20 inapitaje kwenye tundu la 6? Haipiti, inakaa juu kama kifuniko, uji wa saruji unachuruzika chini peke yake, na ukija kubomoa mbao unakuta mashimo kama sega la nyuki, tena mahali penyewe boriti inapoikabidhi nguzo mzigo.

Na hapo bado sijaisema boriti ya upande wa pili, inayokuja kukata hii kwenye nguzo hiyohiyo, ambayo nilikuwa nimechora nondo zake za juu kwenye kimo kilekile na za mwenzake. Zote mbili haziwezi kuwa juu. Moja itapita chini ya nyingine na itashuka kwa unene wa nondo nzima, na hesabu yangu ya ule urefu kutoka nondo mpaka ukingo wa pili wa boriti inakuwa si kweli tena. Ipi ishuke? Sikuandika. Nilikuwa nimemwachia fundi aamue kitu ambacho nilitakiwa nikiamue mimi, bila hata kujua kama kuna kitu cha kuamua.

Basi nikarekebisha, nikaipanua boriti na kupanga nondo upya, likatoka toleo jipya la mchoro, mambo yakaisha. Ila lile swali halikuisha kichwani. Nikaenda kwa bosi, nikamwambia naomba wiki mbili nikafanye kazi saiti, kazi ya mikono, kufunga nondo na kumwaga zege. Akanicheka, si kwa ubaya, akasema wewe unalipwa kwa kichwa, mikono ipo ya kutosha kule. Ukienda wewe nani atamaliza michoro?

Nikachukua likizo yangu.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja kwa wanaotaka kufanya hivi, manake nimepata meseji kadhaa watu wakiuliza "nilifanyaje". Usiende tu ukaokota nyundo. Saiti ni mahali watu wanaumia kweli, na kontrakta ndiye anayebeba dhamana ya kila mwili uliopo ndani ya uzio. Mimi niliandika barua kwa meneja wa saiti, nikaeleza nakuja kama nani, nikahakikisha bima inanihusu, nikapewa maelekezo ya usalama kama kibarua mwingine yeyote anayeanza, nikapangwa chini ya Mzee. Na sharti lililokuwa gumu kuliko yote ni hili, wiki mbili zile mimi si injinia. Ukishika plaizi usitoe maagizo. Siku ya tatu tu kijana mmoja akanigeukia, "injinia, hizi ringi hapa juu tukiziachanisha kidogo si sawa tu?" na mdomo ukaanza kujibu, eti hapo nguvu ya kukata ni ndogo, inawezekana... Mzee akadakia. "Huyu leo ni saidia fundi. Ukitaka injinia andika, mpelekee foromeni." Aisee nilijisikia vibaya, lakini alikuwa sahihi kabisa. Jibu la mdomo juu ya jukwaa halina rekodi, kesho kutwa watu watasema injinia alikubali, na kweli nitakuwa nimekubali.

Sasa kazi yenyewe.

Nondo ya 25 ina uzito wa karibu kilo 3.85 kwa mita. Hiyo naijua hata usingizini, ukizidisha kipenyo kwa kipenyo ukagawa kwa 162 unapata kilo kwa mita, fomula ya haraka ambayo kila mtu wa nondo anayo. Nondo inakuja na urefu wa mita 12, kwa hiyo kama kilo 46. Watu wawili, kila mmoja 23, sio mzigo wa kutisha. Ndivyo nilivyodhani. Kitu ambacho fomula haikuniambia ni kwamba nondo ya mita 12 ni nyoka. Ukiibeba mabegani inacheza, inapanda na kushuka kwa mdundo wake, na kama wewe na mwenzako hamjaoanisha hatua inakupiga shingoni. Kuigeuza kwenye kona ya jukwaa ni kama kugeuza lori uchochoroni. Na mimi nilikuwa nimechora boriti nzima ya ndani ipite nondo moja moja bila kiungio, kwa sababu kupunguza maungio ni "utaratibu mzuri". Mzuri kwa nani? Kulikuwa na nguzo tatu zimeshasimama pale katikati, nondo zake zimechomoza juu karibu mita moja, na kila nondo yangu ya mita 12 ilibidi tuichomeke kwa kuipitisha kati ya hizo kama uzi kwenye tundu la sindano. Mara kumi na nne. Ningeikata vipande viwili nikaongeza urefu wa kulaliana, mara 40 au 50 ya kipenyo, ningetumia chuma zaidi kidogo na tungemaliza kabla ya mchana.

Kufunga waya nako. Kwa macho ni kazi ya kitoto, unazungusha waya kwenye makutano, unakaza na plaizi, unakata. Mzee alikuwa anafunga huku anaongea na anaangalia pembeni. Mimi wa kwanza nilikaza mpaka ukakatika, wa pili nikaulegeza ringi ikateleza, wa tatu ukakaa. Kufika saa sita nilikuwa na vidole vimechubuka na nimefunga labda robo ya alichofunga kijana wa pembeni yangu ambaye, nilikuja kujua baadaye, naye ana miezi minne tu kazini. Sasa fikiria slabu niliyoichorea nondo za 10 kila sentimita 10, kote kote, juu na chini. Ukiziweka kila sentimita 15 kwa nondo za 12 unapata eneo la chuma karibu lilelile, limepungua kidogo sana (kutoka 785 hadi 754, milimita za mraba kwa mita), lakini makutano ya kufunga yanapungua zaidi ya nusu. Kwenye mita moja ya mraba ni 100 dhidi ya 44 na ushee. Sisemi kila mara uchague kubwa chache, kuna mambo ya nyufa na nafasi ya juu inayoruhusiwa, nasema tu kwamba mpaka siku ile sikuwahi kujua kama kwenye uamuzi ule kuna mgongo wa mtu.

Kitu kilichonichoma zaidi ni ringi za ndani ya kiungo.

Miaka miwili nyuma yake niliwahi kukagua saiti nyingine nikakuta kwenye makutano ya boriti na nguzo hamna ringi za nguzo, zimeishia chini ya boriti zikaanza tena juu yake, pale katikati patupu. Nikaandika ripoti kali sana, nakumbuka nilitumia neno uzembe. Zile ringi ni muhimu kweli, hasa jengo likitikiswa, zinashikilia kiini cha zege kisipasuke. Sikukosea kudai ziwepo. Lakini sasa nikawa mimi ndiye niko pale na ringi mkononi, ringi iliyofungwa pande zote nne, na kizimba cha boriti, yaani nondo zake zote zikiwa zimeshafungwa pamoja, kimeshashushwa mahali pake, na naangalia hiyo ringi inaingilia wapi. Haiingii. Ringi iliyofungwa inavishwa kutoka juu ya nondo za nguzo, ishuke mpaka mahali pake, na ikishakuwepo boriti njiani haishuki. Kwa hiyo lazima zivishwe kwanza, zining'inie juu zikisubiri, halafu nondo za boriti zipitishwe moja moja katikati yake, sio kizimba kizima. Au ringi ziwe vipande viwili vya umbo la U vinavyolaliana. Mchoro wangu haukusema lolote kati ya hayo. Ulionyesha ringi zipo, kana kwamba zimeota. Na ule wa saiti ile nyingine, nilikwenda kuufukua kwenye kompyuta usiku huohuo, ni hivyohivyo, umechorwa na mimi.

Sikumwambia Mzee. Nilimwambia wiki moja baadaye, akasema "aah", basi.

Siku ya zege sasa. Wale wasiowahi kumwaga zege wanadhani ni siku ya kazi kama nyingine, hapana, ile ni siku yenye saa inayogonga. Likishachanganywa limeanza safari, na halikusubiri wewe umalize kubishana. Tulianza alfajiri, mikisa inanguruma, kokoto, mchanga, saruji mfuko mmoja mmoja wa kilo 50. Mimi nilipewa koleo.

Kuna vita moja ya kudumu kati ya ofisi na saiti, nayo ni maji. Ofisi inaandika barua, "ni marufuku kuongeza maji kwenye zege", saiti inaongeza maji. Nimeandika barua hizo mimi mwenyewe na bado naziunga mkono, hesabu yake ni nyepesi. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa nusu unataka lita 25 za maji. Ongeza lita 5 tu, kopo moja la rangi, umefika 0.6, na zege la 0.6 ni mtu mwingine kabisa, maji yasiyotumika na saruji yanaacha vitundu yakikauka na nguvu inashuka. Haya yote kweli. Ila shika koleo ukiwa umesimama kwenye zege gumu lililokadiriwa kushuka milimita 50, unatakiwa ulisukume chini ya nondo zilizobanana kama nilivyokueleza huko juu, jua linakupiga, mikono imekufa ganzi, na pembeni pana ndoo ya maji. Mimi injinia mwenye barua zangu nilitamani ile ndoo. Kweli kabisa. Nikaelewa kwamba anayeongeza maji hafanyi hivyo kwa kutojua, anatatua tatizo ambalo mimi nimemtengenezea, kwa dawa pekee iliyo karibu na mkono wake. Dawa yenyewe ilitakiwa itoke kwangu, zege lililopangwa tangu mwanzo liwe laini zaidi, kwa kemikali ya kulainisha badala ya maji, na nondo zisizobanana.

Halafu kuna mchanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha. Mzee (kazi yake nondo, lakini kila kitu anakijua) alichota mchanga akaufinya kiganjani, akaufungua, ukabaki umeshikana kama donge. Akamwambia mtu wa mikisa apunguze maji. Mimi nikapiga hesabu kichwani baadaye, mchanga wenye unyevu wa asilimia 5, kilo 100 zake zimebeba lita 5. Zilezile lita 5! Yaani unaweza kufuata karatasi kwa uaminifu wote, lita 25 kamili kwa mfuko, na bado ukaharibu zege kwa sababu mchanga uliloa ukiwa umelala.

Kipimo cha kushuka nilipewa nikifanye mimi, hapo nilifurahi manake nilikikumbuka chuoni. Koni ya chuma kimo milimita 300, chini 200, juu 100, unajaza tabaka tatu, kila tabaka unachoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, unasawazisha juu, unainua koni wima, unapima zege limeshuka kiasi gani. Sasa niambie ilikuwaje. Nilisahau kuikanyaga miguu yake. Wakati nachoma tabaka la kwanza koni ikainuka kidogo, uji ukatoka chini, kipimo chote kikaharibika mbele ya watu kama kumi. Kijana wa mikisa akaja, akaweka mguu huku na mguu huku, akaniangalia tu. Tukarudia.

Cha kunitisha siku ile kilikuwa sauti. Tulipofika kwenye nguzo, mita 3 kwenda juu, zege linashuka haraka, vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lishikane, inalia ndani, na mbao za fomu zikaanza kutoa mlio. Kriii. Nikarudi nyuma. Kwenye vitabu tunasema zege bichi linasukuma kama kimiminika, mita 3 kwa uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, chini kabisa pale msukumo ni sawa na tani 7 kwenye kila mita ya mraba, na haijalishi nguzo ni nyembamba kiasi gani, kinachohesabika ni kimo. Nguzo yote ina zege la kilo 650 hivi. Mtu unaona kanguzo kembamba unasema haka kanasumbua nini. Seremala alisikia mlio ule akapiga kelele "simamisha!" akagonga kabari mbili, akaweka mrunda mmoja wa ziada, akasikiliza, akasema endelea polepole. Hakupima kitu, alisikiliza. Mimi masikio yangu hayana hiyo kazi, na wiki mbili hazikutosha kuyapa.

Mambo mengine nitayataja haraka tu. Kupima kona kwa tatu-nne-tano nilikuwa naijua kwa jina la Pythagoras, sikuwahi kuifanya kwa uzi na tepu, na kwa kona kubwa wanatumia sita-nane-kumi manake kosa linagawanyika vizuri zaidi. Kile kindoano cha mwanzo wa tepu kinachochezacheza sio kibovu, kinacheza kwa unene wake wenyewe ili kipimo kiwe sahihi ukivuta na ukisukuma, mimi nilikuwa nagongea changu kisicheze, miaka yote hiyo. Mpira wa maji bado unahamisha kimo kutoka nguzo hadi nguzo vizuri tu, mradi usiwe na povu la hewa ndani. Na vipimo vya mnyororo kwenye michoro, yaani kutoka nguzo hii hadi ile, hii hadi ile, acheni jamani. Nilikuwa na vipimo 17 vya namna hiyo kwenye mstari mmoja, fundi akikosea milimita 3 tu kila kimoja na makosa yote yakaelekea upande mmoja, mwisho umetoka nje kwa 51. Wao wanataka namba zote zianzie ukingo mmoja, tepu inyooshwe mara moja.

Sasa nisije nikaonekana najisifu. Wiki mbili hazijanifanya fundi na kuna hatari ya injinia aliyekaa saiti wiki mbili, anarudi ofisini kila sentensi inaanza na "sisi tuliofanya saiti". Nilikuwa hivyo kama mwezi mzima, wenzangu wakanivumilia. Kilichobaki baada ya hapo ni vitabia vidogo. Makutano ya boriti na nguzo nayachora moja moja kwa skeli ya 1:10, kila nondo na unene wake wa kweli, na kwenye mchoro naandika ipi inatangulia kuwekwa. Nikimaliza nakata karatasi kipande chenye upana wa kiganja changu kwa skeli ileile, nakitembeza juu ya mchoro. Kikikwama, naanza upya. Kuna dogo mpya ofisini akaniuliza hicho kikaratasi cha nini, nikamwambia ni mkono, akanyamaza kama mimi nilivyonyamaza kwenye ile simu.

Bosi alikuja kuona maswali kutoka saiti yamepungua kwenye jengo lililofuata, hakusema kitu, ila mwaka huu ametoa siku tano kwa kila mchoraji na kila injinia mdogo, kwa masharti yaleyale ya barua na bima. Siku tano ni chache na nimemwambia. Kwa siku tano unaambulia kuchubuka vidole tu, siku ya zege unaweza usiikute kabisa. Kama utapewa chache hivyo, basi ziombe kwa ratiba ya kazi, siku mbili kabla ya kumwaga, siku yenyewe mpaka mwisho wa kusawazisha hata kama ni usiku, na siku ya kubomoa mbao. Hiyo ya kubomoa watu wanaidharau, lakini ndiyo siku unayoliona jibu la mtihani wako.

Jana Mzee kapiga tena. Yuko saiti nyingine, michoro ni yangu. Nikajiandaa kusifiwa viungo, nimevichora vizuri mno.

"Viungo sawa," akasema. "Sasa hii ngazi. Umenikunjia nondo ya 16 halafu mguu umeuacha sentimita 6. Mashine inashika wapi?"

Nikafungua mchoro. Kile kipande kinachobaki baada ya kukunja ni sentimita 6 kweli.

"Nakuja Jumamosi Mzee."

"Njoo na glavu zako. Zile za mwaka juzi ulizisahau hapa, kijana alishazimaliza."